MAISHA YA AMIRI ABD EL-KADER, MWISLAMU ALIYEWAFICHA WAKRISTO WA DAMESKI



Safari hii tunasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu tangu kuzaliwa hadi kufa, mwalimu wa dini yake na tena mkuu wa vita. Labda ndugu mwingine atauliza: mtu huyo atatufundisha nini sisi waamini? Tunamwomba asome mpaka mwisho. Kwa maana mwaka 1860, katika mji wa Dameski, mji ule ule ambao mtume Paulo aliingizwa akishikwa mkono kwa sababu ya upofu, maelfu ya Wakristo waliokoka na kifo kwa sababu mtu huyo aliwafungulia mlango wa nyumba yake. Na tujue jambo hili pia: waliokuwa wamemnyang'anya nchi yake, wakamchomea miji yake na kumfunga bila haki, ni watu wa taifa la Kikristo. Alikuwa na sababu nyingi za kufunga mlango. Hakuufunga.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Abd el-Kader alizaliwa mwaka 1808 katika kijiji cha Guetna, karibu na mji wa Mascara, upande wa magharibi wa Algeria. Baba yake, Muhieddine, alikuwa mkuu wa nyumba ya sala na mafundisho ya tarika ya Qadiriyya. Tarika hiyo ni chama cha kidini cha Waislamu ambacho kina wafuasi katika nchi nyingi, hata kwetu upande wa Maniema. Nyumba ya Muhieddine ilipokea wageni, maskini, wasafiri na wanafunzi. Mtu aliyekimbilia pale hakuguswa na adui zake. Mtoto Abd el-Kader alikua akiona desturi hiyo kila siku, kwamba anayeomba kimbilio hatolewi nje.

Mama yake, Zohra, alijua kusoma na kuandika, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanawake wa siku zile. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe herufi za kwanza. Kijana alishika Kurani yote kwa moyo. Alijifunza pia sheria, hesabu, habari za nyota, na vitabu vya wanafalsafa wa zamani. Tena alijua sana kupanda farasi, hata watu wa nchi yake walimsifu kwa jambo hilo.

Wakati ule Algeria ilikuwa chini ya mamlaka ya Waturuki. Mtawala wao katika mji wa Oran aliogopa sifa za Muhieddine. Baba na mwana walipotaka kusafiri kwenda Maka kuhiji, aliwazuia Oran kwa muda mrefu, wakilindwa na askari. Mwishowe waliachiliwa, wakapita Tunis na Misri, wakafika Maka, kisha Dameski na Baghdad. Kijana aliona watu wa mataifa na dini mbalimbali wakiishi mji mmoja. Aliporudi nyumbani hakutaka kazi nyingine ila kusoma na kusali.

ANACHAGULIWA KUWA AMIRI

Lakini Mungu hutuma watu mahali ambapo wao wenyewe hawakupanga. Mwezi wa Juni 1830 majeshi ya Ufaransa yalishuka pwani ya Algeria. Tarehe 5 Julai mtawala wa Waturuki katika mji wa Algiers alisalimu amri. Mwaka uliofuata Wafaransa waliingia Oran. Waturuki walikuwa wameondoka, Wafaransa walikuwa hawajashika bara, na makabila yakaanza kunyang'anyana. Nchi ilikuwa kama nyumba isiyo na baba.

Wakubwa wa makabila walikwenda kwa Muhieddine, wakamwomba awaongoze. Yeye alikataa kwa sababu ya uzee, akawaonyesha mwana wake. Mwezi wa Novemba 1832, katika uwanda wa Ghriss karibu na Mascara, walimwapia Abd el-Kader utii chini ya mti mkubwa. Alikuwa na miaka 24 tu.

Hakupenda jina la sultani. Alijiita amiri, maana yake kiongozi. Alivaa nguo za kawaida za sufu na akakaa katika hema. Aliwakataza wanaume kujipamba kwa dhahabu na fedha, akakataza pia pombe na tumbaku. Aliigawanya nchi katika majimbo, akaweka msaidizi katika kila jimbo, akaweka waamuzi, akachapa sarafu, akajenga karakana za bunduki. Mji wake mkuu mpya ulikuwa Tagdempt, mbali na pwani. Hakuchagua watu kwa dini yao peke yake: mjumbe wake mmoja kwa Wafaransa alikuwa Myahudi, jina lake Ben Duran, na baadhi ya mafundi wake walitoka Ulaya.

Wafaransa walifanya naye mapatano mara mbili. Ya kwanza yalikuwa mwaka 1834 pamoja na Jenerali Desmichels. Mwezi wa Juni 1835 vita vilianza tena, na Amiri akawashinda Wafaransa kwenye mto Macta. Mwisho wa mwaka ule walilipiza kwa kuuchoma mji wa Mascara. Mapatano ya pili yalifanywa Tafna tarehe 30 Mei 1837 pamoja na Jenerali Bugeaud. Kwa mapatano hayo Amiri alipata mamlaka juu ya sehemu kubwa ya nchi. Lakini maneno ya karatasi ya Kiarabu na maneno ya karatasi ya Kifaransa hayakulingana. Kila upande ulisoma kile ulichotaka kusoma. Mwaka 1839 jeshi la Ufaransa lilipita katika nchi ambayo Amiri aliihesabu kuwa yake, na vita vikaanza upya.

Tusifiche makosa yake, kwa maana kusema uwongo juu ya wafu si kuwaheshimu. Mwaka 1838 alikwenda kuuzingira mji wa Aïn Madhi katika jangwa, kwa sababu mkuu wa tarika ya Tijaniyya aliyekaa huko alikataa kumtii. Waislamu walipigana na Waislamu kwa miezi mingi, na mwishowe kuta za mji zilibomolewa. Makabila yaliyojiunga na Wafaransa yalipata adhabu kali mkononi mwake. Amiri alitaka umoja, na wakati mwingine aliutafuta kwa upanga. Mtu huyo hakuzaliwa mwenye huruma kamili. Alijifunza, kama sisi sote.

NAMNA ALIVYOWATENDEA MATEKA

Katika vita vile, pande zote mbili ziliwaua mateka na kukata vichwa vya maadui. Askari wa Amiri walizoea kupewa zawadi kwa kila kichwa walicholeta. Amiri aliondoa desturi hiyo. Alitoa amri kwamba zawadi italipwa kwa mateka aletwaye akiwa mzima, na kwamba askari anayemtesa mateka ataadhibiwa. Mateka walipewa chakula kilekile walichokula askari wake. Wanawake waliotekwa waliwekwa chini ya ulinzi wa mama yake, Zohra, ambaye aliwatunza yeye mwenyewe. Mara moja, alipokosa chakula cha kuwalisha mateka, aliwaachilia warudi kwao kuliko kuwaona wakifa kwa njaa.

Katika mji wa Algiers kulikuwa na askofu Mkatoliki, jina lake Antoine-Adolphe Dupuch. Siku moja mwanamke alimjia akilia, kwa sababu mume wake alikuwa ametekwa na watu wa Amiri. Askofu alimwandikia Amiri barua kumwombea mtu huyo mmoja. Amiri alimrudishia jibu lililomshangaza. Alimwambia kwamba mtumishi wa Mungu hakupaswa kuomba mtu mmoja tu, bali Wakristo wote waliotekwa, na tena kwamba angepaswa kuwaombea pia Waislamu waliokuwa wakiteseka katika magereza ya Wafaransa. Askofu aliona kwamba Mwislamu amemkumbusha kazi yake mwenyewe. Alitii neno hilo. Mwaka 1841 mateka zaidi ya mia moja walibadilishanwa, na familia za pande zote mbili zikapokea watu wao. Amiri alikubali pia padri aje kuwatembelea mateka Wakristo na kusali pamoja nao.

Kumbukeni jina la askofu huyo. Tutamkuta tena.

VITA VYA MOTO

Mwaka 1841 Jenerali Bugeaud alishika uongozi wa nchi yote. Yeye hakutafuta majeshi ya Amiri tu. Alitafuta mashamba, maghala, mifugo na miti ya matunda, akachoma vyote ili watu washindwe kwa njaa. Mwaka 1846 jeshi la Ufaransa katika Algeria lilikuwa na askari zaidi ya 100,000. Mwezi wa Juni 1845, katika milima ya Dahra, mamia ya watu wa kabila la Ouled Riah, pamoja na wanawake na watoto, walikimbilia katika pango. Askari wa Kanali Pélissier waliwasha moto mlangoni, na watu wakafa kwa moshi. Habari hizo zilipofika Paris, hata Wafaransa wengi waliona haya.

Miji ya Amiri ilikwisha kuanguka mmoja baada ya mwingine. Akafanya mji wa mahema, ulioitwa Smala, uliohama pamoja naye ukiwa na watu makumi ya elfu, wanawake, wazee, waalimu, mafundi na mifugo yao. Tarehe 16 Mei 1843, yeye akiwa mbali, mwana wa mfalme wa Ufaransa aliushambulia mji huo na kuutawanya. Vitabu ambavyo Amiri alikuwa amevikusanya kwa miaka mingi viliharibika.

Alivuka mpaka kuingia Moroko. Lakini mwezi wa Agosti 1844 sultani wa Moroko alishindwa na Wafaransa kwenye mto Isly, naye akalazimishwa kumkataa mgeni wake. Na mwaka 1846, Amiri akiwa mbali na kambi, wakubwa wa kambi yake huko Moroko waliwaua wengi wa mateka wa Kifaransa waliokuwa chini ya ulinzi wao. Jambo hilo lilikuwa doa jeusi, nalo lilimfuata maisha yake yote. Yeye aliyetoa amri ya kulinda mateka aliona amri yake ikivunjwa na watu wake. Kiongozi huhukumiwa pia kwa matendo ya wale aliowaacha nyuma.

AHADI ILIYOVUNJWA

Mwezi wa Desemba 1847 Amiri alikuwa amezingirwa. Angeweza kutoroka jangwani na wapanda farasi wachache. Lakini wanawake, watoto na majeruhi wasingeweza kumfuata. Aliwauliza wenzake, kisha akaamua kusalimu amri ili hao waokoke. Tarehe 23 Desemba 1847 alijitoa mikononi mwa Jenerali Lamoricière. Sharti lake lilikuwa moja: yeye na watu wake wapelekwe Alexandria katika Misri, au Akka katika Palestina. Jenerali alikubali kwa kuandika, na mwana wa mfalme aliyekuwa gavana akathibitisha ahadi hiyo.

Ahadi haikutimizwa. Merikebu iliwapeleka Toulon, Ufaransa, na wakawekwa ndani ya ngome. Baada ya miezi michache mfalme wa Ufaransa alipinduliwa, na serikali mpya nayo haikutaka kutimiza neno la serikali iliyopita. Wakahamishwa Pau, kisha wakapelekwa katika jumba la Amboise. Walikuwa watu karibu mia moja, watoto na wazee ndani yao, katika nchi ya baridi wasiyoizoea. Watu 25 kati yao walikufa Amboise, nao wamezikwa pale pale katika bustani ya jumba.

Watu wa serikali walimjaribu. Walimwahidi mali na jumba zuri akikubali kukaa Ufaransa kwa hiari na kuwaondolea mzigo wa ahadi yao. Alikataa. Hakutaka kuuza neno walilompa. Alisali, alisoma, alifundisha watoto wa watu wake, na alipokea wageni waliokuja kumwona. Wengi waliokuja wakidhani wataona mnyama wa porini waliondoka wakiwa rafiki zake.

Ndipo askofu Dupuch alikuja. Alikuwa amekwisha kuacha uaskofu wa Algiers, naye alikuwa na madeni na taabu nyingi. Alimtembelea Amiri kule Pau na Amboise, na mwaka 1849 akatoa kitabu cha kumtetea, akiwaomba wakubwa wa nchi yake watimize ahadi. Miaka minane mbele Mwislamu alikuwa amewafungua Wakristo kwa ajili ya barua ya askofu. Sasa askofu alikuwa akiomba Mwislamu afunguliwe. Hakuna mmoja wao aliyeiacha dini yake.

Tarehe 16 Oktoba 1852, Louis-Napoléon, aliyekuwa karibu kuwa mfalme mkuu wa Ufaransa, alifika Amboise mwenyewe na kumtangazia Amiri kwamba yuko huru. Amiri naye aliapa kwamba hatarudi Algeria kupigana. Kiapo hicho alikishika mpaka kufa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amevunjiwa ahadi kwa karibu miaka mitano.

ANAKAA DAMESKI

Alikaa kwanza Bursa, katika Uturuki. Mwaka 1855 tetemeko la nchi liliuharibu mji huo, naye akahamia Dameski. Ufaransa ilimpa pensheni. Waalgeria wengi waliokuwa wamekimbia nchi yao walikusanyika karibu naye, na wengi wao walikuwa askari wa zamani. Amiri alifundisha dini katika msikiti mkuu wa mji na kusoma sana vitabu vya Ibn Arabi, mwalimu wa zamani ambaye kaburi lake liko Dameski. Hakuwa tena na cheo cha serikali. Alikuwa mgeni, mzee kidogo, mwenye vitabu.

Siku zile Siria ilikuwa chini ya sultani wa Uturuki. Mwaka 1856 sultani alikuwa ametangaza kwamba raia wa dini zote watakuwa sawa mbele ya sheria. Waislamu wengi hawakufurahi. Waliona kwamba Wakristo wanapata utajiri kwa biashara na Ulaya, na kwamba makonseli wa Ulaya wanawatetea kuliko serikali inavyowatetea wengine. Kulikuwa pia na ugomvi juu ya kodi ambayo Wakristo walitakiwa kulipa badala ya kutoa askari. Katika miezi ya Mei na Juni 1860, katika milima ya Lebanoni, Wadruze na Wakristo Wamaroni walipigana, na vijiji vingi vya Wakristo vilichomwa. Katika miji ya Hasbaya na Rashaya Wakristo walikimbilia ndani ya ngome za askari wa Kituruki wakidhani watalindwa, nao wakauawa humo humo.

Wakimbizi walijaa Dameski. Amiri aliona moshi kabla ya moto. Alikwenda kwa gavana, Ahmed Pasha, kumwonya. Aliwaonya pia wakubwa wa Waislamu, na makonseli wa Ulaya. Konseli wa Ufaransa alimsaidia kupata silaha kwa ajili ya Waalgeria wake, zaidi ya watu elfu moja. Gavana alisema kwamba hakuna hatari.

SIKU ZILE ZA JULAI 1860

Tarehe 9 Julai 1860 mambo yaliharibika. Vijana wa Kiislamu walikuwa wamechora misalaba chini njiani ili Wakristo waikanyage. Gavana aliwakamata, akawafunga minyororo, na kuwatoa wafagie barabara mbele ya watu. Watu walipoona vijana wao katika hali hiyo, walikasirika. Kundi kubwa likakimbilia mtaa wa Wakristo, likaanza kuua, kunyang'anya na kuchoma. Askari wa gavana hawakuwazuia, na wengine walijiunga nao.

Amiri alikusanya wana wake na Waalgeria wake, akaingia katika mitaa inayowaka. Walipita katika vichochoro wakiwaita Wakristo watoke katika maficho, wakiwaambia kwamba nyumba ya Amiri iko wazi. Walikwenda kuwachukua makonseli wa nchi za kigeni, mapadri, na Masista wa Upendo pamoja na watoto yatima waliowatunza. Wakawazunguka, wakawapitisha katikati ya kundi la wauaji mpaka nyumbani.

Nyumba ilijaa, na ua ukajaa, hata hapakuwa na nafasi ya kukaa chini. Ikabidi watu wapelekwe kwenye ngome ya mji, kikundi kwa kikundi. Lakini Wakristo walipoambiwa habari ya ngome walilia kwa hofu, kwa maana walikumbuka Hasbaya na Rashaya. Walidhani wanapelekwa kuchinjwa. Amiri aliwapa Waalgeria wake wawasindikize na kuwalinda, na makundi yakafika salama. Nafasi ikapatikana nyumbani, na wengine wakaingizwa.

Wauaji walisikia kwamba Wakristo wako kwa Amiri. Kundi lilikuja mlangoni pake likidai atoe watu wale. Alitoka mwenyewe, akasimama mbele yao. Aliwaambia kwamba wanachofanya ni dhambi mbele ya Mungu na aibu kwa dini yao, na kwamba hatamtoa hata mtu mmoja maadamu yeye na askari wake wako hai. Walimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alipigana na Wakristo miaka mingi. Aliwajibu kwamba alipigana na watu waliokuja na silaha kunyang'anya nchi, siyo na majirani wasio na kosa. Kisha aliagiza farasi wake na silaha zake. Kundi likatawanyika.

Halafu alitangaza kwamba yeyote atakayemleta Mkristo akiwa hai atapewa piasta 50. Kwa siku nyingi alikaa mlangoni juu ya mkeka, mfuko wa fedha karibu naye, akilala kidogo palepale. Watu waliokuwa wametoka kuua walianza kuleta watu hai kwa ajili ya fedha. Ndugu msomaji, hapo tunaona jambo la zamani likirudi. Katika vita vya Algeria alilipa kwa mateka aliye hai na siyo kwa kichwa. Alichokianza akiwa mkuu wa vita, alikimaliza akiwa mkimbizi.

Hakuwa peke yake. Katika mtaa wa Midan, wakubwa wengine wa Kiislamu waliwalinda pia majirani zao Wakristo, wala hawakukubali wauaji waingie. Tusisahau watu hao.

Machafuko yaliendelea karibu siku nane. Maelfu ya Wakristo waliuawa, na mtaa wao ukawa majivu. Hesabu za waliookolewa na Amiri hazilingani, lakini waandishi wengi hutaja zaidi ya watu 10,000. Baadaye mjumbe wa sultani, Fuad Pasha, alifika na kuhukumu. Gavana Ahmed Pasha, yeye aliyesema hakuna hatari, alipigwa risasi kwa hukumu ya serikali yake mwenyewe.

HESHIMA NA MWISHO WA SAFARI

Habari zilienea duniani. Ufaransa, ile iliyomfunga, ilimpa nishani yake ya juu. Papa Pius IX, mfalme wa Urusi, Prussia, Ugiriki na sultani wa Uturuki walimpa nishani. Kutoka Marekani, wakati wa Abraham Lincoln, zilikuja bastola mbili. Lakini labda barua iliyomgusa zaidi ilitoka kwa Imamu Shamil, kiongozi wa Waislamu wa Dagestan, aliyepigana na Warusi kwa miaka mingi na mwaka 1859 akawa mateka wao. Mwislamu aliyeteswa na taifa la Kikristo alimsifu Mwislamu mwenzake kwa kuwaokoa Wakristo, akasema kwamba hivyo ndivyo dini yao inavyoagiza.

Mwaka 1862 Amiri alimjibu askofu Pavy wa Algiers, aliyemwandikia kumshukuru. Alisema kwamba alitimiza tu wajibu wa sheria ya dini yake na haki za wanadamu. Hakutaka sifa.

Watu wengine wa Ulaya walifikiri kumfanya mfalme wa Waarabu katika Siria. Hakutaka ufalme. Mwaka 1863 alikwenda tena Maka, na mwaka 1869 alialikwa kuona mfereji wa Suez ukifunguliwa. Alirudi kwenye vitabu vyake. Alikufa Dameski mwezi wa Mei 1883, akazikwa karibu na kaburi la Ibn Arabi. Baada ya Algeria kupata uhuru mwaka 1962, mabaki yake yalirudishwa nyumbani, akazikwa upya Algiers kwa heshima kubwa. Mfungwa wa Amboise alirudi katika nchi ambayo alikuwa ameapa kutorudi kwa vita. Alirudi kwa amani.

MAFUNDISHO KWETU

1. Cheo hakimfanyi mtu kuwa kiongozi. Katika Dameski mwenye cheo, majeshi na mizinga alikuwa Ahmed Pasha. Abd el-Kader hakuwa na cheo. Lakini siku ya hatari watu walijua ni mlango gani wa kukimbilia.

2. Mtu asihesabiwe kosa la taifa lake. Amiri angeweza kusema kwamba Wakristo wa Dameski ni ndugu wa wale waliofukiza moshi pango la Dahra. Hakusema hivyo. Alimtenganisha mwenye kosa na asiye na kosa. Sisi ambao nchi yetu imeona vita, tunajua uchungu wa kuhukumiwa kwa jina la kabila au kwa lugha ya kinywa. Basi tusimhukumu mwingine hivyo.

3. Kushika dini yako vizuri hakukufanyi kuwa adui wa mwenye dini nyingine. Abd el-Kader hakuwaokoa Wakristo kwa sababu aliulegeza Uislamu wake. Aliwaokoa kwa sababu aliushika. Dupuch naye alimtetea Mwislamu kwa sababu alikuwa askofu wa kweli.

4. Wema wa siku kubwa huandaliwa katika siku ndogo. Mlango uliofunguliwa mwaka 1860 ulianza kufunguliwa Guetna, katika nyumba ya baba ambayo haikumtoa nje aliyeomba kimbilio. Watoto wetu wanaona nini katika nyumba zetu? Je, wanatuona tukimpokea mgeni, au tukimfukuza?

Wapendwa, tunajua habari ya Obadia, aliyewaficha manabii wa Bwana pangoni na kuwalisha wakati mtawala alipotaka kuwaua. Tunajua pia mfano wa Bwana wetu katika Luka sura ya 10, namna Msamaria, mtu wa imani iliyodharauliwa, alivyokuwa jirani wa kweli wa yule aliyeanguka mikononi mwa wanyang'anyi. Mara nyingi tukisoma mfano huo tunajiweka mahali pa Msamaria. Maisha ya Amiri Abd el-Kader yanatuweka mahali pengine: sisi ndio tuliokuwa tumelala njiani, na mtu wa imani nyingine ndiye aliyesimama na kutuinua.

Basi usiku mtu akibisha mlangoni pako akikimbia kifo, usimwulize kwanza anasali wapi. Mfungulie.

Amani ya Mungu ikae katika nyumba zenu. Amina.